Masuali ya Gereji: Koili na Plagi za Injini Iliyojificha Chini ya Kiti

Tangu masika yaanze, barua zinazotufikia zina lalamiko moja: gari inakatakata, yaani injini mara inawaka mara inakosa. Humu tunazungumzia plagi, zinazorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, na koili zinazozipa plagi umeme huo. Tumechagua tano, kila moja inagusa pahala pengine pa tatizo hilohilo. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana hatua zake zitawafaa hata wenye gari nyengine.

SUALI: Assalaamu alaikum mafundi wetu. Nina HiAce ya petroli, injini ya 2TR, nabeba wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi. Wiki mbili sasa nikisimama inatetemeka, na nikikanyaga mafuta ili nipite gari ya mbele inasita. Taa ya injini kwenye dashibodi imewaka, na mara nyengine inapepesa. Fundi mmoja kaniambia ninunue koili nne na plagi nne. Mwengine kasema pana ubana, hawezi kuigusa mpaka ateremshe injini. Nimfuate nani?
Dereva wa wageni, Kiembesamaki

JAWABU: Wa alaikumu salaam, kaka. Kwa kazi hii injini haiteremshwi. Na koili nne usizinunue kabla hujajua ni ipi iliyokufa na kitu gani kimeiua.

Kwanza hiyo taa. Ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga kazi. Ikipepesa, maana yake silinda moja au zaidi haiwashi kabisa, na petroli mbichi inapita moja kwa moja hadi kwenye katalaiti, ile ngoma ya kusafishia moshi iliyo chini ya gari. Inakwenda kuwaka humo ndani na kuyeyusha mawe yake. Koili unaipata dukani siku hiyohiyo. Katalaiti ni hasara ya kiwango chengine kabisa. Kwa hiyo taa ikipepesa, punguza mwendo, shusha wageni pahala salama, usiendelee na safari.

Sasa tafuta mgonjwa. Gereji yenye skana itakusomea kodi, zile namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0300 ni kukatakata kusikokaa pahala pamoja. P0301 mpaka P0304 inataja silinda yenyewe, na namba moja ni ile ya mbele, upande wa mikanda. P0351 mpaka P0354 inahusu umeme wa koili: koili yenyewe au waya wake. Tuseme umepata P0302. Hamisha koili ya pili iende ya tatu na ya tatu ije ya pili, futa kodi, endesha gari dakika kumi au kumi na tano. Ikitoka P0303, koili ndiyo mbovu, kwa sababu ubovu umeifuata. Ikibaki P0302, hamisha plagi vilevile. Ikibaki hapohapo tena, acha kununua vitu vya umeme: pima nozeli ya petroli, waya unaokwenda kwenye koili hiyo, halafu kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Usijisumbue na mita ya kupimia omu, yaani ukinzani wa umeme. Koili hizi za Toyota zina waya nne na ndani yake mna kiwashio cha elektroniki, basi mita inaweza kusema nzima kumbe ikipata moto inakata.

Na tunaomba sana, ile tabia ya zamani ya kuchomoa koili injini ikiwa inanguruma, ukaikaribisha na bodi kuangalia cheche, muiache. Umeme unaotoka hapo ni wa maelfu ya volti. Unaweza kukurusha mkono ukaingia kwenye feni, na unaweza kuua koili iliyokuwa nzima.

Vifaa vya kazi yenyewe: racheti ndogo ya robo inchi na soketi ya 10, racheti ya tatu kwa nane, ekstensheni mbili, moja fupi ya sentimita 7 au 8 na moja ya sentimita 15, jointi ya kupinda, soketi ya plagi ya 16 yenye mpira au sumaku ndani, tochi ya kuvaa kichwani, kipande cha mpira wa petroli cha sentimita 30, na njia ya kupuliza hewa. Ekstensheni mbili ni bora kuliko moja ndefu, kwa sababu chini ya kiti hupati nafasi ya kuiteremsha ndefu ikiwa nzima. Unatia soketi kwanza, unaunganisha ya kwanza, halafu ya pili ikiwa tayari imo shimoni.

Fanya kazi injini ikiwa baridi, na baridi maana yake umeiacha usiku kucha au kwa muda wa saa nne nzima. Silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachoshika plagi, ni ya aluminiamu na plagi ni ya chuma. Ukifungua ikiwa moto, hesi za aluminiamu, ile mistari ya kukazia, ni laini na zinatoka pamoja na plagi. Barua ya mwisho hapa chini inaonesha hesi zikifa kunatokea nini.

Toa kichwa cha hasi cha betri. Kunja zulia, fungua vifungo vya kiti cha mbele, kiinue, kisha kifunge kwa kamba. Usikiegemeze tu, kikirudi kitakukuta na mikono yote miwili ndani. Ukiona bomba la hewa limepita juu ya koili, legeza klampu zake ulisogeze kabla hujaanza kulazimisha chochote. Dakika tano za kutoa bomba zinakuokolea saa nzima ya kusukumana na koili ya nyuma.

Viunganishi vya waya vinataka upole. Plastiki iliyokaa miaka juu ya injini huwa kavu kama kifuu. Sukuma kiunganishi ndani kidogo kwanza, ndipo ubonyeze ulimi wake, halafu vuta kwa kushika kichwa, si waya. Ulimi ukivunjika, kiunganishi kitakaa kwa bahati tu, na barabara ya vifusi itakichomoa siku moja. Andika namba 1 mpaka 4 kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kimoja; silinda za injini hii zinawaka kwa zamu, 1-3-4-2, na ukivichanganya viunganishi utazalisha ugonjwa mpya.

Kila koili imeshikwa na bolti moja ya 10. Ikishatoka, izungushe koili robo kulia, robo kushoto, mpaka mpira wake uachie kauri ya plagi, halafu ivute juu wima. Ukiivuta bila kuizungusha mpira hukatika ukabaki chini. Ya nne, iliyo nyuma kabisa, ndiyo inayowatoa watu jasho. Fanya hiyo mwanzo, wakati mkono bado una subira.

Kabla hujaigusa plagi, puliza kila kisima, yaani shimo ilimokaa plagi, na uvae miwani. Vumbi letu la mawe ya matumbawe likidondoka ndani ya silinda linakwangua kuta kama msasa. Asiye na kompresa atumie pampu ya baiskeli na mpira mwembamba. Inafaa, inachosha tu.

Legeza plagi robo mzunguko. Ikikaza, usiing'ang'anie. Tia mafuta ya kulegezea kutu, subiri nusu saa, rudisha ndani kidogo, toa kidogo. Zipange plagi kwa mfuatano wake juu ya kitambaa, maana zinaeleza habari ya ndani. Ncha ya rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu: silinda nzima. Masizi makavu meusi: petroli nyingi au hewa kidogo, tazama chujio la hewa. Imelowa petroli: haikuwa inawaka. Ina mafuta ya injini kwenye ncha: ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge: injini inachemka au plagi si ya daraja lake la joto. Ukiona duara la hudhurungi kwenye kauri, pale inapokutana na chuma, usishtuke. Hilo ni doa la kawaida la umeme mkubwa, si uvujaji. Cha kuogopa ni mstari mweusi mwembamba kama wa penseli ulioteremka kwenye kauri. Hapo ndipo umeme ulipokuwa unatoroka, na mpira wa koili hiyo utakuwa na mstari kama huo kwa ndani. Ukibadilisha plagi ukaurudisha mpira huohuo, umeme utaifuata njia ileile na plagi mpya itakufa vilevile.

Kuhusu plagi ya kununua, fuata namba ya kitabu cha gari, au nenda dukani na namba ya chesesi. Kwenye Denso na NGK, 11 ya mwisho inamaanisha gepu, nafasi inayorukwa na cheche, la milimita 1.1. Pima zote nne kwa filageji, vile vibati vya kupimia nafasi, na ikiwa ni ya iridiamu usiiguse ncha ya katikati, kwani ni nyembamba kama sindano na inakatika. Mtu asikudanganye kwamba kila iridiamu inakwenda kilomita 100,000. Zile zinazokwenda masafa hayo zina madini magumu kwenye ncha zote mbili; Iridium Power ya Denso, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya nguvu na umri wake ni wa kilomita 20,000 hivi, sawa na plagi ya nikeli ya kawaida. Na plagi iliyolika gepu lake hupanuka, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kuliruka, inapata moto, inapasuka ndani. Hicho ndicho kinachoua koili nyingi: plagi iliyosahauliwa.

Kufunga: tia plagi kwenye ncha ya ule mpira wa petroli, iteremshe, zungusha kwa vidole. Ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe kabla hesi hazijaumia, ndiyo faida yake. Usiidondoshe shimoni, gepu litafunga. Usipake grisi kwenye hesi hata kama unaogopa chumvi ya bahari. Plagi za leo zimepakwa madini ya kuzuia kutu kiwandani, na grisi inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Ikishagusa washa yake, ile pete ya chuma, kwa mkono, plagi mpya ya hesi za milimita 14 ongeza nusu mpaka theluthi mbili za mzunguko. Mwenye spana ya kupimia mkazo aangalie kitabu cha gari. Kwa injini za aina hii huwa baina ya nyutonimita 18 na 25. Plagi iliyokwishatumika, washa imeshalala, haitaki zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye mdomo wa ndani wa mpira wa koili, isiguse springi. Sukuma mpaka uhisi imekaa, funga bolti ya 10 kwa racheti ndogo bila nguvu ya bega, kwa sababu inaingia kwenye aluminiamu. Ukisikia "tak" ya kiunganishi, ndipo uende kinachofuata.

SUALI: Mimi ni mwalimu wa skuli, nina Noah ninayopakilia wanangu na wa jirani. Fundi alipotoa koili alikuta shimo la pili na la tatu limejaa mafuta meusi. Kaniambia injini imekwisha, ringi zimeshakula. Kweli?
Mama wa watoto watano, Fuoni

JAWABU: Pole mama, na usiuze gari kwa habari hiyo. Mafuta yaliyo ndani ya kisima, juu ya plagi, hayatoki kwenye ringi. Yanatoka juu, kwenye kifuniko ambacho mafundi wanakiita tapeti kava. Kila kisima kina sili ya mpira ya duara inayozuia mafuta yasiingie. Mpira ukipikwa kwa miaka unakuwa mgumu kama plastiki na mafuta yanapenya. Ringi zikila, utayaona mafuta kwenye ncha ya plagi, chini, na moshi wa buluu kwenye ekzosi.

Mafuta hayo yakiachwa yanalainisha mpira wa koili, unavimba, unapasuka, umeme unatoroka pembeni. Kwa hiyo ukinunua koili bila kubadilisha sili, baada ya miezi utanunua tena.

Mwambie fundi abadilishe gasketi ya tapeti kava pamoja na sili zote nne za visima, si mbili tu. Uso wa hedi ufutwe mpaka uwe mkavu, na pale kifuniko cha cheni kinapokutana na hedi atie silikoni ya injini kiasi cha punje ya mchele kila kona. Akisahau kona hizo, mafuta yatavuja upande wa mbele. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili mitatu, kidogo kidogo. Na kabla hajatoa plagi anyonye mafuta kisimani kwa bomba la sindano na afute kwa kitambaa, la sivyo yote yatateremka kwenye silinda na gari itafuka moshi mtaa mzima.

Kama Noah yako imeandikwa D-4, petroli yake inapulizwa ndani ya silinda kwa shindikizo kubwa sana. Mabomba ya chuma ya petroli yasifunguliwe kwa kazi hii, hata yakionekana yanazuia njia.

Jambo jengine: msioshe injini kwa mashine ya presha. Maji yanakaa kisimani, yana chumvi na vumbi, na gari inaanza kukatakata siku ya pili watu wameshasahau kwamba iliosheshwa. Na safisha ule mfereji chini ya waipa. Majani ya mwembe au mkungu yakiziba, maji ya masika yanateremkia kwenye injini.

SUALI: Koili moja ya HiAce yangu ilikufa nikaibadilisha. Jamaa wananiambia nibadilishe na tatu zilizobaki, zote zina umri mmoja. Huku kwetu Pemba spea mpaka iletwe na boti. Nifanyeje?
Dereva wa Wete

JAWABU: Plagi badilisha zote nne kwa pamoja, hilo halina mjadala. Koili, badilisha iliyokufa, nunua moja ya akiba, itie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari pamoja na soketi ya 10. Kwa mtu wa Pemba hii ni hesabu nzuri kuliko kununua nne, maana koili nzima unaweza kuitupa ikiwa bado na miaka ya kazi. Ila zikifa mbili ndani ya muda mfupi, au ukikuta mipira yote ina nyufa, hapo badilisha zilizobaki. Ikiwa koili ni nzima na mpira tu umepasuka, uliza mpira peke yake. Kwa aina nyingi unauzwa mbali na koili.

Usichanganye makampuni manne tofauti kwenye injini moja. Na jihadhari na bandia, zimejaa. Plagi ya asili washa yake haichomoki ukiitikisa, mkono wa juu umekaa katikati sawasawa, maandishi hayafutiki kwa ukucha, na gepu la zote nne ni moja. Plagi nne za boksi moja zenye gepu nne tofauti, zirudishe dukani.

Ukiona gari inakatakata tu ikipanda vilima vya njia ya Mkoani na imejaa abiria, huku kwenye tambarare ni nzima, hiyo ni dalili ya gepu lililopanuka au koili inayochoka. Mzigo mkubwa unazidisha mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inapata tabu kuruka.

SUALI: Nina HiAce ya zamani ya 1RZ, ya kubebea samaki kutoka Mkokotoni kuja Darajani. Haina koili za juu ya plagi, ina waya. Asubuhi kukiwa na umande haitaki kuwaka, jua likitoka inawaka. Niangalie nini?
Mchuuzi wa samaki

JAWABU: Kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa waya za plagi. Ifungue, itazame kwa ndani: ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya shaba, au ufa mwembamba mweusi baina yao, nunua kofia na rota, kile kijimkono kinachozunguka ndani yake, pamoja. Maji ya samaki yana chumvi, na chumvi ikilowa umande inapitisha umeme. Waya pima kwa mita: mmoja usizidi kiloomu 25. Toa na rudisha waya mmoja mmoja, usitoe zote kwa pamoja. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Plagi za injini hii kama hazina 11 mwishoni, gepu lake ni karibu milimita 0.8. Usiku, mwagia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia juu ya waya injini ikinguruma, uzime taa zote: pale umeme unapotoroka utauona kwa macho, kijicheche cha buluu. Usiguse.

SUALI: Fundi alifunga plagi ya silinda ya nne kwa nguvu, sasa inazunguka tu haikazi. Inatoa sauti ya "chwi chwi chwi" na kisima kimeingia masizi. Naweza kuendelea kuitumia mpaka mwisho wa mwezi?
Mwenye daladala, Chake Chake

JAWABU: Hapana. Sauti hiyo ni moto wa silinda unaovuja kupitia hesi zilizokufa. Plagi inaweza kuruka ikavunja koili na kutoboa kilicho juu yake, na juu yake amekaa mtu. Isimamishe leo.

Hesi za plagi hizi ni milimita 14 kwa 1.25. Zinatengenezwa kwa kutia kijaluba cha chuma chenye hesi mpya ndani. Chagua kirefu sawa na hesi za plagi yenyewe, kwa plagi ndefu ni kama milimita 26, kwa sababu kifupi kinashika sehemu tu ya hesi na kitatoka tena. Kwenye silinda ya mbele fundi mzuri anaweza kuifanya hedi ikiwa bado garini: anapaka grisi nzito kwenye mifereji ya tapu, chombo cha kukatia hesi, ili ishike machicha ya chuma, anazungusha robo robo, anatoa, anafuta, anapaka tena. Akimaliza ananyonya silinda kwa bomba jembamba, anatoa fyuzi ya pampu ya petroli, anafunika shimo kwa kitambaa na kupiga stata mara mbili tatu ili kilichobaki kirushwe nje.

Lakini yako ni ya nne, iliyo nyuma kabisa chini ya bodi. Hapo tapu haishikiki wima, na hesi zikikatwa upande plagi italala na washa haitaziba. Kwa silinda hiyo toa hedi, ipelekwe kwa fundi wa mashine za kukerezea, irudi na gasketi mpya.